Msaada Una Msimu: Namna ya Kuishika Mkono Kaya Iliyokwama Morogoro na Uluguru

Januari huwa mwezi mzito kwa kaya nyingi za Morogoro. Mahindi yaliyovunwa baada ya masika yameisha ghalani. Mtoto aliyechaguliwa kuingia kidato cha kwanza anatakiwa kuripoti akiwa na sare, viatu na madaftari. Shamba nalo linadai kuandaliwa kabla mvua kubwa hazijaanza Machi. Mzazi asiye na akiba hana njia ila kwenda kulima kibarua kwa mwenzake ili jioni arudi na unga, na kila siku anayolima kwa mwenzake shamba lake mwenyewe linazidi kuchelewa. Hapo ndipo mnunuzi hupita akitaja bei ya chini kwa mazao ambayo bado yako shambani, au mkopeshaji akabisha hodi na fedha zenye riba ya kutisha. Kaya ikikubali, imeuza mavuno ya Julai kwa shida ya Januari.

Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo hilo. Mara nyingi kinachozidisha umaskini wa kaya ni ule mwezi mmoja au miwili ambapo inalazimika kuuza kilicho chake kwa hasara. Anayeifikia kabla haijauza anaokoa msimu mzima, hata kama mkononi ana kidogo. Anayechelewa atashukuriwa, ila shamba litakuwa limekodishwa, mbuzi ameuzwa na mtoto ameacha shule.

Nimekuandikia wewe mwenye ziada ndogo na moyo wa kuitoa: mwalimu wa Kihonda, mfanyabiashara wa soko la Mawenzi, mzaliwa wa Matombo au Mgeta unayeishi Dar es Salaam, kamati ya msikiti, jumuiya ndogondogo, kundi la marafiki waliosoma pamoja SUA au Mzumbe. Huhitaji kuwa na shirika. Unahitaji kujua kaya imekwamia wapi, nani wa kumuuliza, lini ufike na nini ubebe.

1. Tambua kaya imekwamia wapi

Kabla ya kufungua pochi, jiulize kaya hii ni ya aina gani, kwa sababu dawa ya moja ni sumu ya nyingine.

Kwanza kuna kaya ya mlimani. Hii ina shamba, ingawa ni dogo na limening'inia kwenye mteremko. Upande wa Mgeta utakuta kabichi, viazi, karoti na njegere. Upande wa Kinole ndizi, mananasi na viungo. Watu wake hawakosi bidii. Wanachokosa ni fedha kwa wakati unaotakiwa. Mazao yanateremshwa kichwani au kwa bodaboda kwenye njia ambazo masika huzikata, na yakifika kwa mnunuzi yanapimwa kwa lumbesa, gunia lililopachikwa kilemba cha kilo ambazo mkulima halipwi. Kaya kama hii ukiipa chakula Agosti, wakati ghala lake lina mahindi, umekosea mlango.

Pili kuna kaya ya mjini iliyopoteza kibarua. Morogoro ulikuzwa kama mji wa viwanda katika miaka ya 1970 na 1980: turubai, nguo, ngozi, viatu. Kiwanda cha viatu, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, hakikuwahi kukaribia uwezo wake, na kufikia miaka ya 1990 vingi katika viwanda hivyo vilikuwa vimefungwa au kudorora. Leo kaya nyingi za mjini zinaishi kwa kazi za siku na za msimu: ujenzi, kuchambua tumbaku kiwandani, umama lishe, bodaboda, kupakua mizigo sokoni. Msimu ukifungwa, kipato hukatika siku hiyohiyo, lakini kodi ya chumba haisubiri. Kaya hii haina shamba la kuiokoa. Kinachoibeba ni kodi ya mwezi mmoja au miwili, unga, na njia ya kurudi kazini.

Tatu kuna kaya isiyo na nguvu kazi: bibi anayelea wajukuu, mgonjwa wa muda mrefu, mtu mwenye ulemavu mkubwa asiye na msaidizi. Hapa usizungumzie mtaji. Bibi wa miaka 75 ukimpa kuku hamsini afuge, umempa kazi asiyoiweza na aibu ya kushindwa. Kaya hii inahitaji msaada mdogo usiokatika, mwezi hadi mwezi, na mtu wa kuifuatilia.

2. Uliza kwanza, na uwaulize wenyewe

Uluguru una historia inayomfundisha kila mtoa msaada. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta mpango wa matumizi ya ardhi uliowalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema: kuzuia mmomonyoko. Lakini penye udongo mwembamba, kuchimba ngazi kulileta juu udongo usio na rutuba, na kazi ile ilikula muda wa kulima chakula. Mwaka 1955 Waluguru walikataa waziwazi, vurugu zikazuka Matombo, na mpango ukafa. Upande wa Mgeta, ambako matuta yalikwenda sambamba na mboga zenye soko, wakulima waliyaendeleza wenyewe. Mlima ni uleule na jembe ni lilelile. Tofauti ni kwamba huku kazi ilimfaa anayeifanya.

Kwa hiyo anza kwa kusikiliza. Ukifika kijijini, piga hodi kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji. Mjini, kwa mwenyekiti wa mtaa. Waombe wakukutanishe na mtu anayezijua kaya kwa undani: mhudumu wa afya ya jamii, mwalimu, katekista, imamu, kiongozi wa kikundi cha akina mama. Usitegemee orodha ya mtu mmoja. Chukua majina kwa watu watatu wasioandamana, kisha tazama majina yanayojirudia. Uliza pia swali ambalo wengi hulisahau: "Nani hapa ana shida lakini haji mikutanoni?" Mara nyingi huyo ndiye mwenye shida kuliko wote, maana hana nguo ya kutokea mbele za watu, au anauguza.

Ukiingia nyumbani kwa mtu, ingia kwa adabu za nyumba. Amkia, kaa, pokea maji. Halafu sema kwa ufupi: "Shikamoo mama. Nimeelekezwa kwako na mwenyekiti. Sikuja na ahadi, nimekuja kusikiliza. Mwaka huu mzigo gani umekulemea zaidi, na ukipata mkono wa mtu ungeanza na nini?" Nyamaza, mpe nafasi. Akimaliza, uliza mambo manne: chakula kilichopo kitafika lini, nani anadai na kiasi gani, mtoto gani yuko hatarini kuacha shule, na ni kitu gani wanafikiria kukiuza. Jibu la swali la nne litakuonyesha una muda gani.

Kwenye suala la ardhi ongeza umakini. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na ardhi nyingi ya asili ni ya ukoo, chini ya usimamizi wa wazee wake. Anayelima ardhi ya ukoo mwingine hulima kwa ruhusa, na kwa desturi hutoa malipo yanayoitwa ngoto. Mti wa kudumu kwenye ardhi ya kuazima ni jambo zito, kwa sababu aliyepanda mti anaonekana kudai ardhi. Mtu mwema kutoka mjini anaweza kugawa miche ya karafuu au parachichi kwa upendo wote na kumwachia mpokeaji ugomvi na wenye shamba. Uliza kwanza: "Shamba hili ni la nani, na mjomba anasemaje?" Kama ni la kuazima, toa mbegu za msimu, mbolea au jembe.

3. Haki kabla ya sadaka

Kaya nyingi zilizokwama zina haki ambazo hazijazipata kwa kukosa nauli, karatasi au mtu wa kuwaongoza. Kuwasindikiza kuzipata hakukugharimu sana, na faida yake hudumu kuliko mfuko wa unga.

Anza na utambulisho. Bila namba ya NIDA mtu hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, na milango mingine mingi hufungwa. Bila cheti cha kuzaliwa kutoka RITA mtoto hukwama kila anapohama hatua. Nauli ya kwenda wilayani na kurudi, pamoja na siku moja ya kumsindikiza bibi kwenye foleni, ni msaada kamili.

Kisha uliza kuhusu TASAF. Mfuko huu wa Maendeleo ya Jamii ulianza mwaka 2000, na Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ukazinduliwa 2012 katika awamu yake ya tatu. Kipindi cha pili cha awamu hiyo kilianza 2020. Mpango huo umekuwa ukitoa ruzuku kwa kaya na ajira za muda kwenye miradi ya jamii kwa wenye uwezo wa kufanya kazi, na kuhamasisha vikundi vya kuweka akiba. Kaya hutambuliwa kupitia mkutano wa jamii, hivyo huwezi kumwingiza mtu kwa kujuana, ila unaweza kuhakikisha anaambiwa siku ya mkutano na kufika. Kwa kaya ambayo tayari imo, kumbuka kuwa sehemu ya ruzuku hufungamana na watoto wadogo kupelekwa kliniki na wenye umri wa shule kuhudhuria masomo. Viatu vya shule au nauli ya kliniki vinaweza kulinda ruzuku yenye thamani kubwa zaidi ya fedha yako. Na kaya inapohitimu kutoka kwenye mpango, hapo ndipo inahitaji jicho la jirani, maana msaada wa kila mara unakoma kabla mradi wake haujakomaa.

Katika afya, sera ya taifa inatoa msamaha wa gharama katika vituo vya umma kwa wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Mtu mwingine asiye na uwezo anaweza kupelekwa kwa Afisa Ustawi wa Jamii, ikiwemo katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro, ili hali yake itathminiwe. Barua ya mtendaji inayomtambulisha husaidia. Ipate kabla ya kusafiri. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, hivyo uliza kwenye kituo chenu utaratibu wa kujiunga kwa kaya zisizo na uwezo.

Katika elimu, ada iliondolewa hadi kidato cha nne kuanzia 2016, na kidato cha tano na sita kuanzia 2022. Kilichobaki ni sare, madaftari, nauli, chakula cha mchana na vifaa vya bweni. Usipeleke fedha ya "ada" isiyodaiwa. Omba fomu ya kujiunga uione kwa macho yako, halafu nunua kilichoandikwa.

Kwa wenye nguvu ya kufanya kazi, ipo mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo uliwekwa kisheria 2018, ukasitishwa 2023 na kurejeshwa 2024. Njia ya kuingilia ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, na kikundi lazima kisajiliwe. Wengi huanguka kwenye andiko la mradi. Kama unajua kuandika na kupiga hesabu, jioni zako mbili na kikundi kimoja ni mchango mkubwa kuliko fedha.

4. Kalenda ya mtoa msaada

Januari hadi Aprili ni miezi ya kuziba pengo. Hapa chakula kina nafasi yake. Kipimo ambacho mashirika ya misaada hutumia kwa mtu anayetegemea msaada kwa mlo wake wote ni takribani gramu 400 za nafaka, gramu 60 za maharage au kunde, na gramu 25 za mafuta kwa siku. Kwa kaya ya watu watano hiyo ni kilo 60 za mahindi kwa mwezi, yaani madebe matatu hivi, kilo 9 za maharage na lita 4 za mafuta. Ongeza chumvi, sabuni na fedha ya kusagisha. Kaya yenye ndizi au mihogo shambani inaweza kutosheka na nusu ya hapo. Piga hesabu hii kabla ya kuahidi, ili uamue kama utabeba kaya moja vizuri au kumi kwa kuonja tu. Bora moja.

Dini zetu zimeshatuwekea mlango katika miezi hii. Ramadhani hurudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na hadi mwisho wa muongo huu itaangukia kati ya Januari na Machi. Kwaresima nayo huangukia Februari hadi Aprili. Zaka ya fitri ni takribani kilo mbili na nusu za chakula kwa kila mtu; kaya tano za watu watano zikiunganisha fitri zao zinapata zaidi ya kilo 60 za nafaka, chakula cha mwezi mzima kwa kaya moja. Kamati ya msikiti au jumuiya ikipanga mapema, kwa kukaa na orodha ileile ya kaya, mfungo na toba vitafika jikoni kwa mwenye njaa. Waislamu na Wakristo wa mtaa mmoja wakilinganisha majina yao, hakuna kaya itakayopata mara tatu huku jirani yake akikosa.

Miezi hiyohiyo ndiyo ya mbegu na palizi. Ukiipa kaya unga wa wiki tatu wakati wa palizi, umemrudisha mama kwenye shamba lake mwenyewe. Mbegu ifike kabla ya mvua; ikifika wiki mbili baadaye, wengine watakuwa wamepanda na yeye atakuwa nyuma ya msimu.

Juni hadi Agosti ni miezi ya mavuno, na kazi yako hapa ni kuzuia uuzaji wa haraka. Saidia mifuko ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa, au turubai la kuanikia. Ikope kaya fedha ya haja ya haraka bila riba ili mahindi yakae hadi bei ipande. Wakulima wakiuza pamoja kwa kilo na mizani, lumbesa hukosa pa kuingilia; MVIWATA, mtandao wa vikundi vya wakulima ulioanza 1993 na wenye makao makuu Morogoro, una uzoefu mrefu katika kuwaunganisha wakulima. Agosti pia huja maonesho ya Nanenane mjini. Mlipie kijana wa kaya hiyo nauli na chakula cha siku moja, aende na maswali yake.

Septemba hadi Desemba ni miezi ya kujiandaa. Nunua mahindi mapema, kabla bei haijapanda, uyahifadhi kwa ajili ya Januari. Anza kununua sare na madaftari. Kama kaya iko kwenye kikundi cha akiba, washauri wavunje na kugawana mwishoni mwa Desemba, fedha zifike mkononi kabla shule hazijafunguliwa.

Msiba hauna msimu. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, hapa Morogoro, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka. Waliofariki walizidi 100, wengi wao wakiwa watu wa kuhangaikia riziki ya siku hiyohiyo. Taifa liliomboleza kwa siku tatu. Lakini matanga hukunjwa, rambirambi huisha, na mjane hubaki na kodi ya chumba. Msiba ukitokea mtaani kwenu, toeni rambirambi kama desturi ilivyo, kisha tengeni kiasi kingine cha mwezi wa tatu na cha mwezi wa sita. Mteueni mtu mmoja wa kukumbusha.

5. Fedha, chakula au nyenzo?

Wengi huogopa kutoa fedha taslimu wakidhani itaishia kwenye pombe. Utafiti uliofanyika Rarieda, magharibi mwa Kenya, kati ya 2011 na 2013, ambapo kaya maskini zilipewa fedha bila masharti, uliona kaya zikila vizuri zaidi na kununua mali kama mifugo na mabati, bila kuongeza matumizi ya pombe na sigara. Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: kama soko liko karibu na lina chakula, toa fedha. Kama njia imekatika au bei imepanda kupita kiasi, toa chakula. Kama kaya imeshatulia na ina wazo lake, toa nyenzo. Fedha uipeleke kwa simu iliyosajiliwa kwa jina la mpokeaji, pamoja na ya kutolea. Kabla ya hapo, waulize mume na mke wakiwa pamoja nani apokee, ili msaada usizae ugomvi.

Nyenzo zina mifano mizuri hapahapa. Mgeta walipelekewa mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway katika miaka ya 1980 kupitia chuo cha kilimo cha Morogoro, na ufugaji ule ukashika mizizi kwa sababu mbuzi hukaa bandani, hula majani ya kukatiwa na maziwa yake huingia mdomoni mwa mtoto siku hiyohiyo. Ukitaka kutoa mifugo, fuata utaratibu wa kopa mbuzi lipa mbuzi: kaya ikizalisha, mtoto jike wa kwanza huenda kwa kaya inayofuata. Mpokeaji anakuwa mtoaji kabla ya miaka miwili. Ila banda na malisho vitangulie mbuzi.

Katika kilimo, shirika la SAT, lililoanzishwa Morogoro mwaka 2011, hufundisha wakulima kilimo hai, kutengeneza mboji na kulinda udongo wa mteremko. Katika miaka ya 2000 CARE na WWF waliendesha Kibungo Juu mpango wa kuwalipa wakulima waliolinda udongo na vyanzo vya mto Ruvu, mto unaonywesha Dar es Salaam. Hilo linatukumbusha kuwa kaya ya mlimani ina huduma ya kuuza na haistahili kutazamwa kama mwombaji. Usitoe mtaji wa mkaa, wala wa shamba jipya ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru: utamtia mtu matatani na kukausha mto.

Kwa kijana wa mjini, tafuta ufundi wenye wateja. VETA Kihonda na Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Bigwa ni milango miwili ya karibu. Lipa ada moja kwa moja chuoni, na weka pembeni fedha ya vifaa vya kuanzia: fundi aliyehitimu bila cherehani au bila kisanduku cha spana amerudi alipokuwa. Ukiwa na duka, gereji au saluni, mpokee kwa mazoezi na umlipe, hata kidogo. Kijana asiye na kazi kinachomuumiza zaidi ni kuulizwa uzoefu ambao hakuna aliyekubali kumpa.

Kwa wote wenye kipato chochote, kikundi cha akiba ndicho ngao. Mfumo huu wa kuweka hisa kila wiki, kukopeshana na kugawana mwisho wa mwaka ulianzia kwa wanawake wa Niger mwaka 1991 chini ya CARE, na kwetu umeenea kwa vikundi vya aina hiyo na VICOBA. Sanduku lina kufuli tatu na funguo hukaa kwa watu watatu. Usitie fedha yako sandukuni, kwani fedha ya bure huharibu nidhamu ya fedha ya jasho. Nunua sanduku, daftari na mihuri, mlipe mwalimu wa kikundi, halafu kaa pembeni.

6. Madeni ya kausha damu

Ukikuta kaya imebanwa na mkopo wa kausha damu, yaani ule wenye riba ya kutisha, usikimbilie kulipa. Omba kuona mkataba. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 mkopeshaji anatakiwa awe na leseni chini ya usimamizi wa Benki Kuu. Mwombe akuonyeshe yake. Andika kilichokopwa, kilicholipwa na kinachodaiwa. Nenda na mwenye deni mkae na mkopeshaji, na shahidi mmoja anayeheshimika, mwombe mkataba wa kulipa deni la msingi kidogokidogo. Ukiamua kuchangia, changia mara moja, na mkubaliane kuwa kaya itaingia kwenye kikundi cha akiba ili isirudi kwenye mlango uleule.

7. Linda heshima ya mpokeaji

Usimpange mtu foleni juani kwa kilo mbili za sukari. Usipige picha ya mama akipokea ndoo, wala usiweke jina na uso wa mtoto mtandaoni ili watu wachange. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inalinda taarifa zake, na adabu zetu zilimlinda tangu zamani. Kama wafadhili wako wanataka uthibitisho, wape stakabadhi, hesabu na idadi ya kaya.

Peleka usiku au kupitia mtu wa karibu, kama mwenyewe anapendelea hivyo. Mpe mpokeaji haki ya kukataa. Mtoto asiambiwe shuleni kwamba viatu vyake ni vya msaada. Mwalimu anaweza kumkabidhi mzazi. Na hesabu ya michango iwe wazi kwa waliochanga: kiasi kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, kila mwezi, kwenye karatasi moja.

8. Kaa hadi kaya isimame

Panga tangu mwanzo lini utaondoka na utajuaje kuwa wakati umefika. Kwa kaya ya mlimani alama ni hizi: imepita Januari moja bila kuuza mazao shambani, ina mbegu yake, na iko kwenye kikundi. Kwa kaya ya mjini: ina kipato cha miezi mitatu mfululizo na haidaiwi kodi. Kwa bibi na wajukuu usiweke tarehe; tafuta mtu wa pili na wa tatu wa kushika zamu na wewe. Mtembelee kila mwezi hata siku usiyo na kitu mkononi, asije akafikiri unamjua kwa sababu ya mfuko tu.

Kama una nguvu ya kuanza wiki hii, fanya mambo matatu. Tafuta wenzako wanne na mkubaliane kiasi kimoja cha kila mwezi ambacho hakuna atakayeumia kukitoa. Nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji mmoja, mpate kaya moja tu kwa njia niliyoieleza. Kisha fungueni daftari, andikeni juu yake tarehe ambayo chakula cha kaya hiyo kitakwisha, na muwe mmefika kabla ya siku hiyo.